Fremu ya Nane

Asubuhi moja ya msimu wa kusi, nilipokuwa nikipanga upya vitu vya marehemu bibi yangu katika kasha lake la msaji, kasha ambalo hadi leo likifunguliwa hutoa harufu ya udi na karafuu kana kwamba mwenyewe katoka sasa hivi, nilikuta chini kabisa kopo la biskuti lililoliwa na kutu pembeni, na ndani ya kopo, baina ya vifungo vya kanzu na risiti zilizofifia wino na ufunguo ambao hakuna ajuaye ni wa mlango gani, kipande cha filamu kilichofungwa katika karatasi ya kaki. Hakikuwa kirefu. Kilikuwa na fremu tatu za mraba, kila moja kiasi cha sentimita tano na nusu kwa tano na nusu, zimefuatana kama vyumba vya nyumba moja, na ukingoni mwake, kwa tarakimu ndogo, pameandikwa 7, 8 na 9. Nilikishika kwa ncha za vidole nikakielekeza dirishani, na dunia ikanigeukia: buibui likawa jeupe kama tui la kwanza, pazia jeupe la studio likawa jeusi, na wajihi wa bibi, ambao mimi niliujua kuwa ni wa maji ya kunde, ukawaka kama kandili. Nikachukua kioo cha kukuzia, nikakiona kipini cha puani mwake, nukta nyeusi ndogo kuliko punje ya mchanga, na pembeni mwa mdomo kile kikunjo kidogo kilichokuwa kikimjia kila alipojizuia kucheka.

Fremu ya 7 ndiyo yake. Katika fremu ya 8 amekaa bwana mmoja nisiyemjua, amevaa koti juu ya kanzu, kofia ya kiua imekaa sawa juu ya paji, na mkono wa kushoto ameulaza pajani kwa namna ambayo saa yake haina budi kuonekana. Katika ya 9 amesimama mtoto juu ya kigoda, nguo zake za Idd bado zina mikunjo ya dukani, na ukingoni umeingia mkono wa mtu mzima, vidole vitatu tu, umemshika asianguke. Yamkini watu hawa hawakujuana. Waliingia studio mmoja baada ya mwenziwe, kila mtu akalipia fremu yake akaenda zake; na studio ile ilipofungwa, mwenyewe akawagawia wateja wake negativu, na kwa kuwa hakutaka kutia mkasi kipande kilichokwisha kusafishwa vyema, bibi akapewa sura yake pamoja na za jirani zake wa filamu, akaziweka zote kwa zaidi ya nusu karne, kama mtu awekavyo amana ambayo mwenyewe hajarudi kuichukua.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyefanya kazi ya kusafisha picha ujanani mwake, kazi iliyomwachia kucha za rangi ya tumbaku kwa sababu ya dawa za chumba cha giza, alinieleza jinsi kamera za studio za wakati ule zilivyotumika, na maelezo yake hayajanitoka. Filamu moja ilitoa picha kumi na mbili, haikuzidi hata moja. Kwa hiyo kila mteja alikuwa na moja yake, na mpiga picha hakuruhusu kidole kigonge kabla moyo haujatulia. Kamera aliiweka tumboni, akafungua kifuniko cha juu, akainamisha kichwa kutazama kioo kilichokuwa ndani, ambamo aliyekaa mbele yake alionekana mzima, ila kulia kumekuwa kushoto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliyekaa kitini hakukabiliwa na jicho la mtu lililofinywa nyuma ya chombo. Alichokiona ni utosi wa mpiga picha, au duara la kofia yake, kichwa kilichoinama mbele ya mchukuzi, mbele ya mwalimu, mbele ya bibi arusi na mbele ya mtoto wa mvuvi, kwa taadhima ile ile, kwa kuwa chombo hakikuwa na njia nyingine ya kutumika. Mara nyingi nimejiuliza kama ule utulivu ulioko katika nyuso za picha za zamani, ambao sisi huudhania kuwa ni woga wa kamera, haukutokana na jambo hili: kwamba waliinamiwa.

Wenye fani huziita kamera za umbo la kati, kwa sababu filamu yake ni kubwa kuliko ile ya milimita 35 na ni ndogo kuliko mabamba makubwa ya kamera za miguu mitatu. Filamu yenyewe ilitolewa na Kodak mwaka 1901, ikapewa namba 120, na hadi leo ingali ikiuzwa. Mraba wake wa milimita 56 kwa 56 una eneo linalopita mara tatu na nusu eneo la fremu ya milimita 35, na ndani ya nafasi hiyo ndimo vinamoingia kipini na kikunjo cha mdomo bila kubanana. Wajerumani walitoa kamera ya Rolleiflex mwaka 1929. Na Victor Hasselblad wa mji wa Gothenburg, Sweden, mtu aliyependa mno kupiga picha za ndege wenye manyoya, alianza mwaka 1941 kutengeneza kamera za kupigia picha kutoka ndege za jeshi la nchi yake, na mwaka 1948 akawatolea raia kamera ya mraba iliyolijulisha jina lake duniani. Lakini tusidhani kwamba heshima ya chombo hiki ilikaa Ulaya tu. Huko Bamako, Malick Sidibé aliwapiga vijana wa Mali picha za mraba ambazo zilimfanya mwaka 2003 apewe tuzo inayoitwa kwa jina la Hasselblad huyo huyo, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Nasi hapa Unguja tulikuwa na Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kurithiwa na mwanawe Rohit, na studio nyingine nyingi ndogo kutoka Lamu hadi Kilwa, ambamo mtu wa kawaida, kwa fedha aliyoweza kuidunduliza kati ya Idd na Idd, aliingia na kutazamwa kwa lenzi zilizolingana na zile walizotazamwa kwazo matajiri wa Paris.

Sisemi kwamba vyombo hivyo vilikuwa rahisi, hasha. Kamera ile ilimgharimu mwenye studio pengine kuliko kitu chochote kilichokuwa dukani mwake. Lakini aliinunua mara moja, ikamtumikia miaka thelathini. Ilipokwama, fundi wa saa aliifungua kwa bisibisi zile zile alizofungulia saa za ukutani. Na ile bei nzito ikagawanyika juu ya maelfu ya nyuso, uso mmoja mmoja, hata sehemu iliyomwangukia bibi yangu ikawa nyepesi kiasi cha kulipika kwa faida ya sinia moja la visheti. Katika hesabu ya namna hii, gharama ya chombo ni ile iliyoandikwa dukani ikagawanywa kwa watu ambao chombo kimewafaa.

Na ipo hesabu nyingine ambayo hunijia kila nikumbukapo safari ya Apollo 11 ya Julai 1969. Waliotembea juu ya mwezi walikuwa na kamera ya Hasselblad, chombo kilichotengenezwa kwa uangalifu ambao ni vigumu kuukadiria kwa fedha. Na ulipofika wakati wa kurejea, kila kitu kikawa kinapimwa uzito, wakachomoa kasha la filamu wakaingia nalo chomboni, na kamera wakaiacha kule kule. Walijua, bila kuhitaji mashauri marefu, ni kipi cha kutupwa na ni kipi cha kurudishwa nyumbani. Laiti ujuzi huo ungetufikia sisi wa ardhini, ambao aghalabu hufanya kinyume, tukaihifadhi mashine katika kabati la vioo na negativu tukaziacha ziliwe na mende.

Mambo yamegeuka tangu nuru ilipoacha kuangukia filamu ikawa inaangukia kibamba cha silikoni, ambacho tuseme ni kihisi. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii, kisanduku cha kidijitali cha kufungwa mgongoni mwa kamera ya umbo la kati, bila ya kamera na bila ya lenzi, kiliuzwa kwa dola 30,000 na kupanda hadi kukaribia 40,000, na wenye kukinunua walikuwa ni wapiga picha wa matangazo wa miji mikubwa na majumba ya makumbusho. Mwaka 2016 Hasselblad wakatoa kamera ndogo iliyoitwa X1D kwa dola 8,995. Mwaka uliofuata Fujifilm wa Japani wakatoa GFX 50S kwa dola 6,499. Na mwaka 2021 ndugu yake wa pili akatoka kwa dola 3,999. Wakati huo huo, katika ngazi ya juu kabisa, Phase One wa Denmark walitoa mwaka 2018 kamera ya megapikseli 150 ambayo bei yake ilizidi dola 50,000. Na ajabu inayonishangaza ni kwamba kihisi cha kamera hizo nafuu, milimita 44 kwa 33, hakifiki hata nusu ya eneo la ule mraba uliolala katika kopo la bibi, na kile cha bei kubwa kinafika thuluthi mbili tu na ziada kidogo.

Kwa nini ghali kiasi hicho? Usione vyaelea, vimeundwa. Kihisi huchongwa katika bamba la silikoni lenye kipenyo cha milimita 300, katika chumba ambacho vumbi ni adui wa kwanza. Na kwa kuwa kizuri hakikosi ila, kila bamba lina doa lake, hapa moja, pale moja. Vihisi vidogo kama vya simu vikichongwa kwa mamia, doa moja huharibu kimoja na mamia yaliyobaki husalimika. Lakini vikiwa vikubwa, bamba zima hutoa vichache, na doa lile lile hubeba sehemu kubwa ya mali. Zaidi ya hayo, mashine ya kuchapia ramani ya kihisi juu ya silikoni haiwezi kuchapa kwa mara moja eneo linalozidi milimita 26 kwa 33, hivyo kihisi kikubwa sharti kichapwe vipande vipande na vipande viungwe, mfano wa wanawake wetu washonavyo mkeka kwa kuunganisha ukili na ukili, isipokuwa hapa mshono ukikosea kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, kazi yote hutupwa. Nikiyafikiri haya, moyo wangu haupati nguvu ya kumlaumu fundi kwa bei yake.

Mwana wa dada yangu, ambaye riziki yake ni picha za harusi, aliwahi kuazimwa kamera ya namna hii kwa siku moja, ya megapikseli 100, akaja nyumbani usiku na kompyuta yake kunionyesha. Alifungua picha ya mkono wa bibi harusi uliopakwa piko, akaikuza, akaikuza tena, na tena, mpaka mkono ukawa nchi: mistari ya kiganja kama mito iliyokauka, piko ikiwa na nyufa pale ilipokaukia, na juu ya kucha ya kidole cha shahada kivuli cha dirisha la ukumbi na mtu ndani yake, ambaye ndiye yeye mwenyewe mpiga picha. Nilinyamaza. Uzuri ule ni wa kweli na mwenye kuukanusha hajauona. Kisha akanieleza kwamba picha moja ina uzito wa takriban megabaiti 200, kwamba kompyuta yake imekwama mara tatu njiani, na kwamba anafikiri akope ili ainunue. Nikamuuliza wateja wake huziangalia picha wapi. Akasema, katika simu.

Nikamwambia asikope, wala sikuona haya kumwambia. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na soko hili la vyombo limejengwa juu ya kinyemi hicho: mwaka wa kwanza kamera ni malkia, mwaka wa tatu anazaliwa mrithi wake, na deni la mkopaji lingali bichi. Vile visanduku vya dola 30,000 vya mwanzo wa karne, ambavyo vihisi vyake pengine vingali vizima, vingi vilizungumza na kompyuta kwa waya wa aina ya FireWire, na kompyuta za leo hazina tena tundu la waya huo. Kitu kikawa hai na bubu. Fundi wa saa hawezi kukifungua. Ama ile negativu yangu ya sentimita tano na nusu, hiyo haikuniomba waya wala programu wala ruhusa ya kiwanda: ilitaka dirisha, na dirisha lipo tangu Mwenyezi Mungu alipojaalia jua.

Hata hivyo nisije nikamdhulumu mjukuu kwa kumpenda babu. Yapo katika zama hizi yanayonipa matumaini, na moja ni hili: kisanduku kilichotolewa na Hasselblad mwezi wa Januari 2024, chenye megapikseli 100, kilichouzwa kilipotoka, pamoja na mwili wake mdogo, kwa dola 8,199, kinaingia pia mgongoni mwa kamera za kiwanda hicho zilizotengenezwa tangu mwaka 1957. Maana yake ni kwamba mashine iliyoundwa kabla ya nchi zetu kupata bendera inaweza leo kupokea jicho jipya, na anayeitumia atainamisha kichwa kama walivyoinamisha wale wa kwanza. Ningependa vyombo vyote vya wakati ujao vitengenezwe kwa adabu hiyo, ambamo aliye mpya humkuta mkongwe mlangoni akamwamkia. Bei nazo zitazidi kushuka, kama zilivyokwisha kushuka. Ila sioni dalili ya kuwa zitamfikia mpiga picha wa Chake Chake au wa Tanga akiwa peke yake, kwani hata zikifika dola 2,000 zitakuwa bado ni mtaji wa duka zima.

Peke yake, nasema. Na hapa ndipo fikra yangu, baada ya kuzunguka kote huko, ilipopata pa kukaa. Wazee wetu walikuwa na njia ya kumiliki kitu kilichomzidi mtu mmoja nguvu: waliingia shirika katika jahazi, na kilichokuwa cha manufaa ya wote, kisima, mnazi, msahafu, walikitia wakfu. Sioni kwa nini kamera isitiwe wakfu. Kamera moja ya megapikseli 100, lenzi moja ya kupigia vitu vya karibu, stendi imara na meza ya nuru, vikawekwa katika chumba kimoja cha Mji Mkongwe, na kingine Mombasa, na kingine Lamu, chini ya mtu mwaminifu mwenye daftari, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Na kila mwenye kopo la biskuti akaja na kopo lake. Kihisi cha milimita 44 kwa 33 kinaunakili mraba wa filamu kwa pikseli 8,700 hivi kila upande, kwa pigo moja, na kipini cha puani huingia chote na ung'avu wake. Makumbusho na maktaba za Ulaya na Marekani zimekuwa zikivitumia vyombo hivi kwa kunakili vitabu na picha zao kwa miaka mingi. Kwetu, ambako negativu zinakaa katika joto na unyevu na hazina mwenye kuzihesabu, haja ni kubwa zaidi, na naona kwamba hiyo ndiyo kazi iliyoihalalisha bei yote ile: kamera ghali ya leo iinamie kazi za kamera za jana, na gharama yake igawanyike tena juu ya maelfu ya nyuso, hata sehemu ya kila uso irudi kuwa sawa na sinia la visheti.

Nakala zitakazotoka humo nazo zitataka kutunzwa, kuhamishwa kutoka diski moja hadi nyingine kila baada ya miaka michache, na hiyo ni kazi isiyokwisha. Anayeiahidi na aiahidi akijua. Wala filamu haina umri wa milele. Nilipokifunga tena kile kipande katika karatasi yake niliisikia, kwa mbali sana, harufu ya siki, ambayo wajuzi wanasema ndiyo salamu ya kwanza ya filamu inayooza katika nchi za joto, na tangu siku hiyo nimekitoa katika kopo la bati nikakiweka penye hewa, pakavu, mbali na jua.

Wewe unayesoma, kama kwenu kuna kopo kama hilo, usilitupe kwa sababu picha zake zimegeuka nyeusi kwa nyeupe na huzitambui. Zielekeze dirishani kwanza. Na kama yuko katika jamaa zako mzee aliyekuwa akivaa koti juu ya kanzu na saa mkono wa kushoto, akapigwa picha Unguja mjini siku moja ya Idd, baada ya mwanamke mwenye kipini na kabla ya mtoto aliyesimama juu ya kigoda, negativu yake ninayo mimi. Ni fremu ya nane, haina mkwaruzo, na uso umetoka vizuri.